Kurejea Katika Kauli Yetu Juu ya Kupandikiza Nywele

Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja aliketi karibu nasi katika kibaraza cha msikiti, akangoja mpaka watu wote wakaondoka, kisha akavua kofia yake. Umri wake haukupita miaka ishirini na sita, na utosi wake ulikuwa ngozi tupu. Nywele zilizosalia zilikuwa za juu ya masikio na za kisogoni, kama za mzee wa miaka sitini. Akatuuliza: Sheikh, je, ni halali mtu kwenda kwa daktari akatolewa nywele za kisogoni akapandwa utosini? Akatueleza kuwa ameposa, na kuwa wenzake wa barazani wamempachika jina ambalo hatutaliandika hapa, na kuwa havui kofia hata alalapo chumba kimoja na ndugu zake, na kuwa kwa miaka mitatu amekuwa akiweka akiba kwa ajili ya jambo hilo.

Sisi tulimjibu papo hapo. Tulimwambia: Ni haramu, kwani Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuunga nywele na mwenye kuungwa, na isitoshe huko ni kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Kijana akavaa kofia yake, akatushukuru kwa adabu, akaenda zake. Hatukumwuliza hata swali moja. Hatukumwuliza nywele hizo hupandwa vipi, wala ni za nani, wala hudumu au hung'oka. Tulitoa fatwa juu ya kitu tusichokijua, na hilo ndilo kosa ambalo katika darasa letu huwakemea wenzetu kila siku.

Basi leo tunarejea katika kauli yetu, nasi tumeona tuandike, kwa kuwa neno lililosemwa kibarazani mbele ya mtu mmoja huenda likafika kwa mia, na aliyelitoa hajui limefika wapi.

Kwanza ilitulazimu kujua kazi yenyewe ni nini. Kichwa cha mtu huwa na nywele kama laki moja, na kila siku huanguka kiasi cha 50 hadi 100, zikaota nyingine mahali pake. Upara wa kawaida wa wanaume hautokani na kuvaa kofia, wala na maji ya chumvi ya visima vyetu, wala na kufikiri sana kama wasemavyo wazee kwa mzaha. Hutokana na urithi wa baba na mama pamoja na homoni ya kiume. Homoni hiyo hugeuka mwilini ikawa kitu kiitwacho dihaidrotestosteroni, nacho, kwa aliyerithi udhaifu huo, hulidhoofisha shina la unywele wa utosini na wa kipajini, hata kila unywele unaoota huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mwisho huwa kama malaika ya mtoto mchanga, kisha hauonekani tena. Daktari James Hamilton wa Marekani aliandika katika mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawakupata upara huu, na kwamba walio na urithi huo wakipewa homoni hiyo huanza kunyonyoka. Lakini nywele za kisogoni na za pembeni hazidhuriki namna hiyo, na hapo ndipo matabibu walipopata mlango.

Katika mwaka 1952, huko New York, daktari Norman Orentreich alikata vipande vidogo vya ngozi yenye nywele vya kisogoni akavipanda palipo upara, navyo vikashika na nywele zikaendelea kuota. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 1959. Aliloligundua ni kwamba unywele uliohamishwa hufuata tabia ya kule ulikotoka, si ya kule ulikohamia. Kabla yake, Mjapani Shoji Okuda alikuwa ameandika katika mwaka 1939 juu ya kazi inayofanana na hiyo, akiwatengeneza watu wenye makovu kichwani. Leo madaktari huchukua mashina madogo madogo, kila moja lina unywele mmoja mpaka nne, kwa chombo chenye tundu lisilofika hata milimita moja au zaidi kidogo, mgonjwa akiwa macho naye ametiwa ganzi, na kwa kikao kimoja huweza kupandwa mashina 2,000 hadi 4,000. Baada ya wiki chache nywele zilizopandwa huanguka, na mtu asiyeambiwa hudhani ameibiwa. Kumbe shina limebaki, nalo huanza kuota tena mwezi wa tatu au wa nne, na kazi haionekani kamili mpaka upite mwaka au karibu yake. Nywele hizo hurefuka, hunyolewa, na hupata mvi kama nyinginezo. Na jambo la kuangaliwa sana ni hili: hakuna hata unywele mmoja mpya ulioumbwa. Ni mali ile ile ya mtu, imetolewa mfuko huu ikatiwa mfuko ule.

Baada ya kuyajua hayo tulirudi katika vitabu vyetu, na tukaona kwamba hadithi tuliyomtolea kijana yule ni sahihi, ila sisi tuliiweka pasipo mahali pake. Bibi Asmaa binti Abubakar amepokea kwamba mwanamke mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa binti yake ni bi arusi, amepata surua na nywele zake zimenyonyoka, je, amwungie? Naye akamkataza kwa ukali. Tunakiri kwamba hadithi hii ndiyo iliyotutia nguvu siku ile, kwani tuliona: ikiwa msichana mgonjwa, tena bi arusi, hakupewa ruhusa, kijana mwanamume ataipata wapi? Lakini kilichokatazwa ni kuunga, yaani kufungamanisha na kichwa nywele zisizoota hapo ili atazamaye adhani ni zake. Na Muawiya, alipokuja Madina akashika fungu la nywele juu ya mimbari, aliwaeleza watu kuwa Mtume (S.A.W.) aliliita jambo hilo kwa jina la uwongo na ghushi. Basi sababu ya kukatazwa imetajwa, hatukuachiwa tuibuni. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wameongeza kuwa haifai kuunga kwa nywele za mwanadamu kwa ajili ya heshima ya mwanadamu. Sasa mwenye kuhamishiwa shina lake mwenyewe, likashika katika ngozi yake, likanyweshwa na damu yake, likaota, ameunga nini? Na maji ya udhu na ya josho hufika ngozini mwake bila ya kizuizi, tofauti na zile nywele za bandia zinazogandishwa kwa gundi, ambazo kwetu hukumu yake haijabadilika.

Ama hoja yetu ya pili, ya kugeuza umbo, ilikuwa dhaifu zaidi. Arfaja bin Asaad pua yake ilikatwa katika vita vya siku ya Kulabu kabla ya Uislamu, akajitengenezea pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kurudisha kilichopotea si kugeuza. Na Imamu Nawawi, alipoeleza katazo la kuchonga meno, alisema kuwa haramu ni lile la kutafuta uzuri tu, ama akihitaji mtu kwa dawa au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Katika zama zetu Sheikh Muhammad bin Salih Al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa juu ya kupandikiza nywele kwenyewe akajuzisha, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, lililihesabu jambo hili miongoni mwa matengenezo yanayofaa pale nywele zinapoanguka, na khasa kwa mwanamke. Maamuzi hayo yalikuwako, sisi hatukuyasoma.

Lakini hoja iliyotuaibisha zaidi ni ile tuliyokuwa tumeihifadhi tangu utotoni chuoni. Nani katika sisi asiyeijua khabari ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, na mwenye kipara, na kipofu, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira? Malaika alimwendea yule mwenye kipara akamwuliza ni kitu gani akipendacho zaidi, naye akajibu kuwa apenda nywele nzuri, na aondokewe na hili ambalo watu wanamchukia kwalo. Malaika hakumwambia: Ewe mtu, subiri, huku ni kugeuza umbo. Alimpangusa kichwa, akapata nywele nzuri, na akapewa na ng'ombe mwenye mimba. Tumeisomesha hadithi hii mara ngapi, nasi siku zote twaishika kwa mambo ya mali na sadaka, na hatukuliona neno hili ndani yake, kwamba mtu kutamani kuondokewa na upara unaomdhalilisha si dhambi.

Na tuiendeleze mpaka mwisho, kwani ndani ya mwisho wake mna onyo pia. Malaika alimrudia baadaye kwa sura ya masikini mwenye kipara, akamwomba msaada kwa jina la aliyempa nywele na mali. Mtu yule alikataa, akakana kwamba aliwahi kuwa na kipara na ufukara, akadai kuwa mali ameirithi kwa wakubwa wake tangu jadi. Hapo ndipo alipoangamia. Nywele zake hazikumwangamiza. Ulimi wake ndio uliomwangamiza, alipojifanya kuwa hakuwa vile alivyokuwa. Basi ikiwa twataka kujua haramu iko wapi katika jambo hili, tusiitafute ndani ya kisogo cha mtu wala ndani ya sindano ya daktari.

Tuchukue mfano wa posa, kwa kuwa aghalabu ndiyo inayowapeleka vijana huko. Upara si katika aibu ambazo kwa madhehebu yetu humpa mke khiyari ya kuvunja ndoa. Hauko pamoja na wazimu wala ukoma wala mbalanga. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila aliyepandikizwa lazima apige mbiu. Lakini mchumba akimwuliza, au walii wake akimwuliza, na yeye akaapa kuwa nywele hizi ni za kuzaliwa nazo hapo zilipo, huyo ameingia katika ghushi ile ile iliyotajwa juu ya mimbari ya Madina. Na kuna jambo zito kuliko hilo. Wako vijana wanaokwepa upasuaji na badala yake humeza vidonge vya finasteridi. Dawa hii ilitolewa kwanza Marekani katika mwaka 1992 kwa uvimbe wa tezi dume, na mwaka 1997, kwa kipimo kidogo cha miligramu moja, ikaruhusiwa kwa upara wa wanaume. Huzuia ile homoni tuliyoitaja, na wengi huwafaa. Lakini kwa wachache hupunguza matamanio na nguvu za mume. Mwanamke ana haki yake katika hilo. Haimfalii mume kumeza kwa siri kidonge kinachoweza kugusa haki ya mkewe, kisha akiona mabadiliko akasingizia uchovu wa kazi, au akaenda kwa mganga kutafuta nani amemroga. Amwambie mkewe, na amwambie daktari. Tena mwanamke mjamzito asivishike vidonge hivyo vikiwa vimevunjika, kwani huweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Dawa ya kupaka, minoksidili, khabari yake ni nyepesi. Ilikuwa kidonge cha shindikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele wasizozitarajia, na mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kuwa dawa ya kupaka kichwani. Anayeiacha hupoteza alichokipata. Kwa kuwa nyingi katika hizo zina spiriti, na wanazuoni wamekhitalifiana juu ya unajisi wake, mwenye kutaka tahadhari apake baada ya isha na aoshe kabla ya alfajiri.

Ama wauzaji wa mafuta, hao tuna maneno nao. Siku hizi mtu huchanganya mafuta ya nazi na ya habasoda, akayatia katika chupa, akaandika juu yake jina la dawa ya Mtume, akaahidi nywele nene ndani ya wiki mbili. Unywele wa mwanadamu hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi; wiki mbili zitaotesha nini hata kwa asiye na upara? Habasoda twaiheshimu kwa iliyopokewa juu yake, na kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kunyamaza ikifanywa chambo. Kumtaja Mtume (S.A.W.) juu ya chupa ya uwongo ni dhambi mbili katika bei moja.

Na dada zetu wasipitwe na khabari hii, kwani wao huumia kimya kimya zaidi. Wengi wanaonyonyoka kipajini na juu ya masikio hawakurithi kitu. Ni misuko ya kubana iliyovuta shina mwaka baada ya mwaka, na dawa kali za kulainisha nywele. Aliyeacha mapema nywele humrudia. Aliyechelewa hubaki na kovu, na penye kovu hata kupandikiza ni kazi ngumu. Kina mama wanaowasuka watoto wadogo mpaka macho yakavutika wajue wanafanya nini. Na mwanamke atafutaye matibabu atangulize daktari wa kike akipatikana.

Sasa tuzungumze mali. Mji wa Istanbul, Uturuki, umekuwa soko kubwa la kazi hii, watu huenda kutoka Ulaya na Arabuni na hata kwetu, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya Uingereza. Lakini nafuu hiyo bado ni mamia ya maelfu ya shilingi pamoja na nauli. Na jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa upasuaji wa nywele yenyewe imekuwa ikiwaonya watu juu ya nyumba za kibiashara ambamo daktari huonekana katika picha tu, na anayetoboa kichwa ni mtu asiye na idhini ya utabibu. Kisogo hakina akiba isiyokwisha. Aliyeharibiwa mara moja huenda asipate tena cha kuhamisha. Na madaktari waaminifu husita kumpandikiza kijana mdogo sana, kwa sababu upara wake bado unatembea: zitabaki nywele zilizopandwa mbele kama kisiwa, na nyuma yake bahari. Basi mwenye deni, au mwenye mzazi asiye na dawa, au mwenye watoto waliorudishwa nyumbani kwa ada, hana ruhusa kwetu ya kwenda kununua nywele, na akikopa kwa riba kwa ajili hiyo amefanya kubwa zaidi ya lile tulilolikataza siku ya kwanza kwa ujinga. Na mzee wa miaka sitini na tano ambaye nywele zimeondoka kwa wakati wake kama meno yake, huyo hatuoni kuwa ana aibu ya kutibiwa. Twamwambia anunue kofia nzuri ya mkono, na hiyo pia siku hizi si rahisi.

Lakini hatuwezi kumwambia mtu asione haya kwa upara wake ilhali sisi ndio tunaompa haya hiyo. Ni nani aliyempachika jina kijana yule? Ni watu wa baraza, wanaosali safu moja naye, na Qurani waisoma katazo la kuitana majina mabaya. Tena tulikuwapo. Jina lile tulilisikia likiitwa kabla ya siku aliyotujia, na tulicheka. Sayyidna Umar alikuwa na upara, na wapokezi wa hadithi wamemtaja kwa sifa hiyo bila ya kuona wamemvunjia heshima. Na Sayyidna Ali kadhalika. Kwao ilikuwa sifa ya kumtambulisha mtu, kama urefu au weusi. Kwetu imekuwa fimbo. Kijana akichapwa kwa fimbo hiyo miaka mitano, kisha akatafuta pa kukimbilia, sisi twamfungia mlango kwa hadithi tuliyoiweka pasipo mahali pake.

Mwenzetu mmoja katika darasa hakubaliani nasi katika yote haya. Yeye husema upara wa urithi ni umbo la kawaida la wanaume, si ugonjwa, na kwa hiyo haufai kutibiwa kwa kisu. Kauli yake ina nguvu kwa mtu mzima ambaye hakuna kinachomdhuru, na tumeiandika ili msomaji ajue kuwa khitilafu ipo. Kwa kijana wa miaka ishirini na sita asiyeweza kulala bila ya kofia, hatuioni.

Wiki iliyopita tulimtafuta kijana yule, tukamkuta katika duka la ami yake akipima mchele. Tulimwambia mbele ya ami yake, kwa kuwa kosa letu hatukutaka kulisahihisha kwa kunong'ona, kwamba tulimjibu vibaya, na kwamba jambo lake linajuzu kwa masharti tuliyoyaeleza. Alitabasamu, akasema kuwa sehemu ya akiba imekwisha kutumika kwa paa la nyumba ya mama yake, na kuwa ataanza tena. Ndipo tukamwuliza swali ambalo lilifaa kutangulia siku ile kibarazani: Mchumba wako anajua? Akainamisha kichwa akaendelea kupima mchele, nasi tukakaa kumngoja ajibu.